Kuzungumzia trafiki kwa Kiingereza, mtihani wa IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza)

Mtahini akiuliza kuhusu msongamano wa Kisumu, jibu langu huisha kwa sentensi mbili. Nifanyeje?

— Toa hoja, sababu, kisha mfano unaoonekana: pale Kondele jioni, bodaboda na tuktuk zimesimama juu ya mistari ya kivuko, mama mwenye mzigo anazizunguka katikati ya magari. Usikariri, tafadhali! Mtahini hutambua haraka.

— Sehemu ya pili ya mtihani wa kuongea, una dakika 1 ya kujiandaa, hadi 2 za kuongea. Andika maneno machache tu. Sentensi nzima zitakumalizia muda.

— Ya tatu inataka maoni. Linganisha matuta, taa na daraja la juu, ambalo watu hulikwepa ngazi zikiwa ndefu. Jirekodi kwa simu, usikilize kama unameza miisho ya vitenzi vya wakati uliopita.