Chai ya barafu ya nyumbani inachafuka rangi na kupoteza ladha: tatizo ni nini?

Mleta mada
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Katika kipindi hiki cha joto ninaandaa chai ya barafu nyumbani, nikiitia limau, tangawizi au mnanaa. Huichemsha kama chai ya kawaida, nikaichuja na kuiingiza kwenye friji ingali ya moto. Baadaye huikuta imeingia ukungu, yaani si nyangavu tena. Nikitia barafu inakuwa majimaji, na sukari hubaki chini ya glasi hata nikoroge vipi. Nikizidisha muda wa kuchemsha, inakuwa na ukakasi unaokausha ulimi. Naomba wenye uzoefu wanieleweshe.

Jibu la 1
Ndugu mleta mada, ukungu huo si dalili kwamba chai imeharibika. Kafeini na viambato vinavyoipa chai ukakasi huyeyuka vizuri katika maji ya moto, lakini chai inapopoa hushikana na kufanya chembechembe ndogo sana, na hali hiyo huzidi chai ikiwa imekolea au ikipozwa ghafla. Iache ipoe mezani kabla ya kuiingiza kwenye friji. Ikishapata ukungu, maji kidogo ya moto huirudishia mng'ao.

Kuhusu ladha, barafu ni maji, kwa hiyo chai inayokusudiwa barafu lazima ikolee kuliko ya kikombe. Ongeza majani, usiongeze dakika: gramu 15 hadi 20 kwa lita 1 ya maji yaliyochemka, ukiyafunika kwa dakika 4 au 5 bila kuyarudisha jikoni. Sukari nayo ifanye shira kwa kuchemsha sukari na maji kwa kipimo sawa mpaka iyeyuke, kisha uihifadhi kwenye chupa.

Jibu la 2
Maelezo hayo ni sahihi, ila yana mgongano: chai iliyokolea ndiyo hasa inayoingia ukungu. Kwa maoni yangu ni afadhali kuuacha moto kabisa. Loweka gramu 10 za majani katika lita 1 ya maji baridi ya kunywa, funika jagi, liache ndani ya friji kwa saa 8 hadi 12, kisha chuja. Maji baridi hutoa ukakasi na kafeini kidogo zaidi, hivyo chai hutoka laini na nyangavu. Kwa kuwa tayari ni baridi, haihitaji barafu nyingi, na hata barafu yenyewe unaweza kuigandisha kwa chai hiyo hiyo. Wapo wanaoloweka majani juani. Siungi mkono, kwa sababu joto la jua haliui vijidudu, bali huvipa mazingira mazuri ya kuzaliana.

Jibu la 3
Niongezee upande wa viungo, maana haviingizwi vyote kwa wakati mmoja. Tangawizi na mdalasini vinahitaji moto, na mahali pake pazuri ni ndani ya shira, vikichemka taratibu kwa dakika 10 hivi. Mnanaa ukichemshwa hupoteza harufu. Uponde kidogo kwa vidole na uutie mwishoni. Maji ya limau yatie chai ikishapoa, na utaona rangi ya kahawia iliyoiva ikigeuka ya dhahabu papo hapo, jambo ambalo ni la kawaida kwa sababu ya asidi. Ukitaka harufu zaidi, paruza ganda la juu tu, kwani utando mweupe ulio chini yake ni mchungu. Chai yenye matunda yaliyosagwa inywewe ndani ya siku moja au mbili.

Mleta mada
Nashukuru sana. Je, naweza kutia maziwa?

Jibu la 3
Unaweza, mradi usiyachanganye na limau, kwani asidi huyakatisha. Yatie katika chai nyeusi iliyokolea, pamoja na shira ya tangawizi. Ule ukungu hautaonekana tena.