Naomba ushauri: mzigo wangu kutoka China umegoma kusogea

Wakuu, habari zenu. Niko Mwanza, nauza kava za simu. Niliagiza kilo 2 kutoka Guangzhou, zikatumwa kwa posta. Namba ya kufuatilia ni ile ya herufi 2, tarakimu 9, halafu CN mwishoni. Kila asubuhi naiingiza kabla hata ya chai. Leo siku ya 19 bado inasema "umeondoka China", basi. Muuzaji ananiambia nivute subira, lakini muda wa kudai kurudishiwa hela unaisha Ijumaa.

Nifungue madai sasa au nisubiri? Kuna aliyewahi kupokea mzigo bila taarifa kubadilika? Na nikienda posta na hiyo namba, wanaweza kuuona kabla haujaingia nchini? Wateja wawili wameshalipa nusu, simu zao nazikwepa.