Bandari kavu ya Kwala ipo, kwa nini kontena tupu bado tunalirudisha mjini?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuzunguka. Dereva wangu leo analala usiku wa tatu kwenye foleni ya yadi moja ya makontena hapa Dar, na alichobeba ni kontena la futi 40 lisilo na kitu ndani.

Katoka Kigali, kavuka Rusumo, kapita Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro. Jumanne alfajiri yuko Vigwaza. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya zege ya kwenda Kwala, kilomita kama 15 tu. Angekunja, akashusha, akageuza lori kutafuta mzigo mwingine. Kapita! Wakala wa kampuni ya meli yenye kontena kaandika kwamba kontena lirudi yadi ya mjini na kwingine halipokelewi. Basi Mlandizi, Kibaha, Mbezi, Ubungo, Barabara ya Mandela, gia ya kwanza na ya pili mpaka getini.

Siku za bure za kontena ziliisha juzi. Tangu hapo nahesabiwa dimareji, yaani tozo ya kila siku ya kuchelewesha kontena, kwa dola, wakati lori liko nje ya geti lao na wao ndio hawalifungulii. Nikimpigia wakala ananiambia yadi imejaa. Imejaa, halafu unaendelea kunihesabia siku? Hela hiyo ndiyo rejesho langu la mkopo wa tela.

Kwala ilipozinduliwa tarehe 31 Julai 2025 tuliambiwa malori yatapungua mjini. Treni itapeleka makontena kule, kilomita kama 90 kutoka bandarini, na mzigo wa Burundi, Rwanda, Kongo na majirani wengine utachukuliwa hukohuko. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Lakini kontena likitoka lazima lirudi. Lori likipakia Kwala halafu likaja kushusha tupu Kurasini, foleni ya Mandela imepungua wapi? Na treni ikishashusha Kwala inarudi bandarini na mabehewa yake. Si yapakiwe hayo matupu?

Wakenya walishaumia na mambo haya. Mwaka 2020 mzigo wa Uganda na nchi nyingine uliamriwa kuchukuliwa bandari kavu ya Naivasha, wenye mzigo wakalia gharama, na Septemba 2022 amri ikatenguliwa, shughuli zikarudishwa Mombasa. Tusisubiri yafike huko.

Mamlaka ziwakalishe mawakala wa meli. Kwala iandikwe kwenye hati kama mahali halali pa kurudishia tupu, intachenji, ile hati ya kukabidhi kontena, itolewe palepale, na dimareji isimame lori likishaandikishwa getini, siyo mpaka litakapoingia.

Kama kuna aliyewahi kukubaliwa kushusha tupu Kwala, aeleze hapa alipitia wapi na alilipa nini. Dereva kanitumia ujumbe sasa hivi: mbele yake malori 11, geti wamefunga hadi saa mbili asubuhi.