Mrejesho: Hilux ya 1996 na matairi ya 265

Wakuu, niliuliza kama Hilux yangu ya 4x4, injini ya dizeli aina ya 3L, inayotumia matairi ya 205R16, inaweza kuvaa 265/75R16 bila gari kuinuliwa juu. Asanteni sana wote mlionijibu, hasa aliyesisitiza nishuke hadi 265/70R16. Nimemfuata, na alikuwa sahihi. Namba ya katikati ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake: ile ya 75 ina kimo kizima cha karibu milimita 804, ya 70 ni 777, na la zamani lilikuwa kama 743. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tairi litakula fenda.

Rimu nimepata za alumini zilizotumika, upana inchi 7, nati sita, PCD (kipenyo cha duara la nati) milimita 139.7. Tundu la katikati nililipima kabla ya kulipa, kama mlivyoshauri, na limekaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) bila kulazimisha.

Sasa yasiyokwenda vizuri. Nikikata usukani hadi mwisho gari likiwa na mzigo, tairi la mbele bado linagusa madigadi. Fundi ameyapunguza; kumepoa, hakujaisha. Mlima Kitonga, kule Iringa, napanda gia moja chini ya niliyoizoea, na dizeli inakwenda zaidi. Spidi mita ikisoma 100, kasi halisi inakaribia 105, kwa hiyo muangalie tochi za trafiki barabarani.

Kwenye matope ya masika, lakini, gari limebadilika kabisa! Spea bado ni ile ya 205. Natafuta tairi la tano linalolingana, maana kuchanganya vimo kwenye 4x4 kunaumiza difu (gia za ekseli).