Wakuu, SWR yangu (kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kurushwa, 1 ndiyo bora) ni nzuri hadi inatisha, lakini sisikiki. Ni huu waya wa dishi?

Jiwe la Kitangiri:
Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, Kitangiri, kule juu kwenye mawe. Kazi yangu ni kufunga madishi. Redio ya masafa mafupi ni ugonjwa nilioupata ukubwani, leseni ninayo.

Nimefunga daipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 40, yaani MHz 7. Kila mkono ni mita 10 na ushee, katikati imekaa juu ya bomba la mita 8, ncha moja nimeifunga kwenye jiwe na nyingine kwenye mwembe wa jirani (nilimlipa kwa kumrekebishia king'amuzi). Kebo ni RG-58, ile ya ohm 50, mita 24. Haikufika dirishani, nikaunga mita 6 za waya wa dishi. Nikasokota, nikazungushia tepu nyeusi, maisha yakaendelea.

Mwanzoni nilikuwa nafika hadi Afrika Kusini. Tangu vuli ianze, wenzangu nawasikia vizuri tu, ila mimi nikiita ni kama naongea na ukuta. Jamaa mmoja wa Kenya aliniambia ananisikia kama niko ndani ya pipa. Kinachonichanganya ni kwamba mita ya SWR inanisifia. Zamani ilikuwa 2 na kitu, inapanda na kushuka. Sasa ni 1.3 kuanzia 7.000 mpaka 7.200, haitikisiki. Nikajaribu 14.200, ikasoma 1.4! Nikajua Mungu kanipa antena ya bendi mbili kwa bei ya moja.

Nimechomoa kebo kwenye redio nikaipima kwa maltimita, waya wa kati na wavu unaouzunguka. Nilitegemea nione ohm 50, nikaona kilo-ohm kadhaa zinachezacheza. Nahisi waya wa dishi wa ohm 75 unagombana na redio ya ohm 50. Au ninunue tyuna (kile kisanduku cha kupatanisha redio na antena)? Natanguliza shukrani.

Sato Mkavu:
Nimeingia nikidhani ni antena za TV. Ngoja waje wenyewe, mimi nimekaa pale.

Kilowati:
Mkuu hapo dawa ni amplifaya. SWR 1.3 huna shida yoyote, ongeza nguvu tu.

Sikio la Ziwa:
Kilowati, ukimwongezea amplifaya utamchemshia kebo.

Mleta mada, jibu umeliandika mwenyewe: 14.200, SWR 1.4. Daipoli ya mita 40 ukiipeleka MHz 14 inakuwa na urefu wa wimbi zima, na kwa kuwa unailisha katikati, impidansi yake (ukinzani wake kwa wimbi) inaruka hadi maelfu ya ohm. Mita ilitakiwa ikuzomee. Ikikusifia, ujue haiioni antena.

Mita ya SWR inasoma kile kinachorudi. Nguvu ikiliwa njiani wakati wa kupanda, na hicho kidogo kilichogonga antena kikaliwa tena wakati wa kushuka, mita haina cha kushtaki. Hata ukifunga mzigo bandia wa ohm 50 (kikinza kinachokula nguvu bila kurusha kitu) utapata 1.0 safi, na hakuna atakayekusikia hata Igombe.

Utauliza mbona wewe unawasikia. Kwenye MHz 7 kelele nyingi zinatoka nje: radi, na hizo chaja na ving'amuzi vya majirani. Kebo mbovu inapunguza sauti ya mtu na kelele kwa kiasi kilekile, kwa hiyo sikio halioni tofauti. Anayeumia ni anayekusikiliza wewe.

Fanya hivi. Panda juu, chomoa antena, uache ncha ya kebo wazi bila kugusana. Shuka, punguza nguvu hadi wati 5, bonyeza sekunde mbili usome. Kebo isiyo na ubovu ya urefu huo kwa MHz 7 inakula dB 1 na kidogo (dB ni kipimo cha upotevu, 3 ni nusu ya nguvu), kwa hiyo nguvu nyingi itarudi na mshale utalala pembeni, kwenye 6 au 7 huko. Ukiona chini ya 3, hiyo si kebo, ni jiko.

Na hiyo ohm 50 haipimwi kwa maltimita. Ni uwiano wa volti na mkondo wa wimbi linalosafiri ndani ya kebo, unatokana na unene wa waya wa kati, umbali wake hadi kwenye wavu, na plastiki iliyo katikati yao. Betri ya maltimita haiwezi kuliona hilo. Antena yako haina baluni (transfoma ya kuunganisha kebo na antena), kwa hiyo kati na wavu maltimita ilitakiwa isisome kitu kabisa. Hizo kilo-ohm zinazocheza ndizo zinaninukia maji.

Fundi Pasiansi:
Naongezea hapo. Kama maltimita yako inapima kapasita, RG-58 ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kipande kikavu cha mita 24 kinapaswa kusoma kama nanofaradi 2.4. Waya wa dishi wenye povu ndani unacheza kwenye 53 kwa mita. Mimi dukani naenda na maltimita yangu, maana kuna kebo zimeandikwa RG-58 ubavuni na ndani ni kitu kingine.

Kuhusu ohm 75 kugombana na 50, hiyo kesi inakuzwa bure. 75 gawa kwa 50 ni 1.5. Kipande cha ohm 75 kikiangukia urefu mbaya kuliko wote, robo ya wimbi, kinaigeuza ohm 50 kuwa 112, yaani SWR 2.25. Hapo inarudi kama asilimia 15, haijakuua. Ile 2 na kitu ya zamani ilikuwa ndiyo hali yako halisi, mita ilikuwa inasema kweli. Daipoli yenyewe ikiwa peke yake hewani ni kama ohm 73, na wapo wanaotumia waya wa dishi mwanzo mwisho.

Sikio la Ziwa:
Nakubali kwa hesabu, ila kwa mikono sikubali. Wavu na foili ya waya wa dishi mara nyingi ni alumini, risasi ya kuchomelea haishiki. Ndiyo maana kasokota. Kiungo cha kusokota kwenye mvua ya Mwanza hakina ndoa ndefu.

Fundi Pasiansi:
Hapo nimekaa kimya.

Jiwe la Kitangiri:
Wakuu nimerudi. Nimechomoa antena, kebo iko wazi, mita inasoma 1.5. Nimerudia mara tatu. Yaani antena ikiwepo na isipokuwepo ni karibu kilekile.

Sikio la Ziwa:
1.5 kebo ikiwa wazi ni kama dB 14 za kwenda na kurudi. Ya kwenda peke yake ni 7, maana yake inafika moja ya tano. Ukitoa wati 100, antena inaona 20. Fungua hicho kiungo.

Jiwe la Kitangiri:
Nimefungua. Tepu ilikuwa imelegea, gundi imekuwa kama asali. Nilivyoinamisha waya yakatoka maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Wavu wa RG-58 umekuwa mweusi tii. Nikakata nusu mita nikijua nitakuta shaba inang'aa, bado nyeusi. Nikakata tena, na tena. Mita 4 nzima! Maji yamepanda ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi. Nimefunga madishi miaka yote hii na sijawahi kuchungulia mbali hivyo ndani ya waya.

Fundi Pasiansi:
Pole kaka. Hiyo itupe yote, hata sehemu inayong'aa usiiamini. Nunua kipande kimoja kitakachofika bila kiungo, konekta PL-259 na kile kipunguzo chake cha RG-58. Kabla ya kuchomelea, piga tupa ile nikeli pale kwenye matundu, na kichomeo kiwe kikubwa. Cha wati 30 kitayeyusha plastiki ya ndani kabla risasi haijashika.

Juu unapounganisha, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu. Anza chini kwenda juu, ili mizunguko ilaliane kama mabati na maji yateleze. Juu yake ndiyo upige tepu. Kabla kebo haijaingia dirishani iache ining'inie tumbo, maji yadondokee hapo.

Jiwe la Kitangiri:
Mrejesho. Kebo mpya mita 30, haina kiungo. Nilipoiacha wazi mshale ukalala kabisa. Na antena: 1.4 kwenye 7.080, inapanda hadi 1.9 kwenye 7.200. Kwenye 14.200 redio imegoma kabisa kutoa nguvu. Jana usiku yule wa Kenya kauliza kama nimenunua amplifaya.

Kilowati:
Si nilisema.

Sato Mkavu:
Mleta mada, ile kebo ya zamani umeitupa? Nina shida nayo.

Jiwe la Kitangiri:
Umechelewa mkuu. Wife kaifunga kutoka kwenye bomba la antena hadi kwenye mwembe, anaanikia nguo.