Kijiwe cha lava kionekane mlima: nini kinakisaliti?

Katindo_foto (Goma): Wandugu, napiga picha vijiwe vya lava ya volkano ya Nyiragongo, sentimita 3 hivi, nataka mtazamaji adhani ni mlima. Kamera ni ya fremu kamili, lenzi ya makro (ya vitu vidogo vya karibu) mm 100, tundu la lenzi f/4 (namba ya f ikipanda, tundu linapungua), ndani ya boksi la kitambaa cheupe. Kila anayeona picha anasema palepale: kijiwe. Shida iko wapi?

Ibanda_makro (Bukavu): Kwanza ni sehemu za picha zisizo kali, ndugu. Mlima ukiutazama kwa mbali huwa mkali tangu chini hadi kileleni. Kwa 1:1 (jiwe na taswira yake ndani ya kamera vina ukubwa sawa) na f/4, unapata nusu milimita tu iliyo kali. Jicho linajua kwamba kufifia kwa namna hiyo ni kwa vitu vya karibu. Usikimbilie tundu dogo la f/22 ili kuongeza ukali: kwa 1:1 inafanya kazi kama f/44, mwanga unatawanyika na picha nzima inalegea. Baki f/8, upate kama milimita 1. Weka kamera kwenye reli, sogeza milimita 0.7 kila picha. Kina cha sentimita 3 kinataka picha 43 au 44. Ziunganishe kwa programu ya Helicon Focus au Zerene Stacker, ipate picha moja kali yote. Na ushushe lenzi hadi usawa wa kitako cha jiwe.

Katindo_foto: Aksanti sana. Na boksi?

Ibanda_makro: Liondoe. Kwa jiwe dogo, kitambaa hicho ni kama mbingu nzima yenye mawingu, vivuli vinakosa kingo. Jua linachukua nusu digrii tu angani. Tochi yenye uso wa sentimita 1, ukiiweka mita 1.1 kutoka kwenye jiwe, inatoa kivuli cha namna ileile. Iweke ubavuni, chini, digrii 15 hivi juu ya usawa wa jiwe. Jua lenyewe la saa moja asubuhi linafaa pia, ila linasogea digrii 1 kila dakika 4. Ukichelewa kati ya picha, kingo za vivuli zitatoka mbilimbili.

Kampemba_mawe (Lubumbashi): Naongeza jambo moja: chagua jiwe lenyewe vizuri. Lava yenye matundu makubwa inajitaja ukubwa wake. Tafuta yenye matundu madogo sana, yaliyosongamana. Malakaiti (jiwe la kijani la shaba) iliyong'arishwa haifai kabisa kwa kazi hii, mng'ao wake unaonyesha taa. Chukua iliyovunjika, yenye uso mkavu. Vumbi lipulize kwa pampu ya mkono, usipanguse kwa kitambaa: uzi mmoja wa pamba ukinasa kwenye lava, mlima umekwisha.