Paka wangu anamaliza ndege uani: nimzuieje bila kumfungia siku nzima?

Mwenye_Ua
Wakuu, naombeni ushauri. Paka jike, miaka mitatu, ameshafungwa kizazi, anakula anashiba, lakini karibu kila asubuhi kuna manyoya ya ndege mlangoni. Ana njuga shingoni, haisaidii. Nikimkaripia ananitazama tu. Kutoka nje ameshazoea, sitaki kumfungia moja kwa moja. Kipi kinafanya kazi kweli, na kipi ni kupoteza muda?

Kozi
Anza kwa kuacha kukaripia. Ukali wa sasa hauunganishi na ndege aliyemkamata dakika kumi zilizopita. Atakachojifunza ni kukukwepa, windo alile huko huko kichakani, na wewe udhani ameacha. Hata hayo manyoya ya mlangoni si hesabu kamili: watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwavalisha paka kamera shingoni wakakuta wanarudisha nyumbani 23% tu ya walichokamata.

Njuga ina kasoro yake. Mtazame anaponyatia: tumbo chini, mabega yanapanda na kushuka, kichwa kimetulia kama kimegandishwa hewani. Njuga nayo imetulia. Inalia anaporuka, na hapo ndege ameshachelewa. Majaribio yenyewe hayakubaliani. Mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona kitu.

Mpe ndege kitu cha kuona badala ya kusikia. Zipo kola za kitambaa zenye rangi kali (nyekundu, njano, chungwa), pana kama marinda, unaivisha juu ya mkanda wake wa kawaida. Jaribio la Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, lililotoka 2021, lilikuta paka waliovaa walileta ndege pungufu kwa 42%. Panya hawakupungua, maana panya haoni rangi kama ndege. Kama unamtegemea kwa panya, hapo umepata vyote viwili.

Mkanda uwe na kifungo kinachofyatuka kikivutwa kwa nguvu. Wa mpira unaonyumbuka usiuguse: paka hupitisha mguu wa mbele ndani yake, ukamkata kwapani. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Vikipita vitatu, atautia mdomoni.

Chakula_Kwanza
Mimi ningesema mwongezee chakula, hasa jioni. Paka mwenye shibe hahangaiki.

Mama_Nyau
Chakula_Kwanza, wahenga walishasema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kuwinda na njaa ni vitu viwili kwake. Akitoka bakulini kitu kikipuruka mbele yake, ataruka. Ukiongeza kiasi utapata paka mnene anayewinda.

Kinachobadilisha mambo ni chakula cha namna gani. Jaribio hilo hilo la Exeter: chakula kamili cha paka chenye protini nyingi ya nyama na kisicho na nafaka kilipunguza mawindo yanayoletwa kwa 36%. Soma pakiti, nyama itajwe ya kwanza. Badilisha taratibu kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kisha chote. Ukiharakisha, ataharisha. Na usidhani nyama tupu ya jikoni inatosha. Haina kalsiamu ya kutosha.

La pili ni mchezo, dakika 5 hadi 10 kila siku. Huo ulipunguza mawindo kwa 25%. Funga manyoya kwenye kamba, kamba kwenye kijiti. Usiyapeleke usoni kwake, hakuna ndege anayejileta. Yaburute yakimkimbia, yafiche nyuma ya mguu wa kiti, yatulie, yatikisike kidogo. Mwisho mwache akamate kweli, arukie, ang'ate, ndipo umpe chakula. Kijiti na kamba vifungie kabatini, kwa sababu kamba iliyomezwa hukunja utumbo na tiba yake ni upasuaji.

Cha kushangaza, vile vyombo vya kumhangaisha atoe chakula kwa makucha viliongeza mawindo kwa 33%. Hivyo viache.

Mwenye_Ua
Asanteni sana. Na makinda je? Kuna kiota kwenye mti karibu na ukuta.

Kozi
Makinda hayatazami rangi wala hayawezi kukimbia, kola haiyaokoi. Zungushia shina bati laini la kimo cha sentimita 60 hivi, ukingo wa juu uvuke mita 2 kutoka ardhini ili asiurukie. Lifunge kwa waya na ulilegeze mti unaponenepa, la sivyo waya utakata gome. Ila kwako tatizo ni ukuta: tawi lililo karibu nao ni daraja, na bati halina maana mpaka ulipunguze. Subiri makinda yaondoke ndipo ukate.

Kinda likitoka kiotani mara nyingi hukaa chini siku kadhaa kabla ya kuruka vizuri. Siku hizo, samahani, paka abaki ndani. Siku nyingine mfungie kuanzia saa moja kabla ya jua kuzama hadi saa moja baada ya kuchomoza. Chakula cha jioni mpe saa ya kufunga mlango, atakuja mwenyewe. Kama una beseni la maji ya ndege, lisogeze mita 2 au zaidi kutoka kichakani.

Daktari_Wanyama
Nyongeza kwa siku paka atakapokuletea ndege aliye hai. Usimwachilie kwa kuwa anaonekana mzima. Mdomo wa paka una bakteria wa Pasteurella, na tundu la jino, dogo kama la sindano, hujificha chini ya manyoya. Mweke kwenye boksi lenye matundu, kitambaa chini, pawe giza na joto, umfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo apate antibiotiki. Maji usimtie mdomoni, yataingia kwenye njia ya hewa.